Kumi na Watatu wa Mafia

Aliyesoma shule ya msingi Pwani hahitaji kuelezwa upupu ni nini. Ni ule mmea unaotambaa vichakani na kando ya mashamba, wenye maganda yaliyojaa manyoya ya kahawia, na manyoya hayo yakikugusa ngozi utajikuna mpaka utoke machozi. Kila darasa lilikuwa na mtundu wake aliyewahi kuupaka kwenye dawati la mwenzake. Kwetu Mafia upupu huota bila kupandwa, na hakuna anayeuhesabu kuwa mali.

Wanasayansi wanauita Mucuna pruriens. Mwaka 1937 wakemia wawili wa India, Damodaran na Ramaswamy, waliandika kwamba mbegu zake zina kemikali iitwayo levodopa. Miaka 30 baadaye kemikali hiyo ikawa dawa kuu ya ugonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaomtetemesha mtu, ukamkaza viungo na kumpunguzia mwendo siku hadi siku. Hadi leo ndiyo dawa ambayo nyingine zote hupimwa nayo.

Nasoma shahada ya uzamili katika historia, na kwa miezi mingi nimekuwa nikifuatilia ujuzi kuhusu ugonjwa huu ulivyojengwa: nani alikutana na nani, katika chumba gani, na nani hakualikwa. Nilitaka kujua kwa nini kisiwa kinachoota kemikali hiyo vichakani hakimo kabisa katika historia yake.

Historia hiyo kwa kawaida huanzia London. Mwaka 1817 daktari James Parkinson alichapisha kijitabu kuhusu maradhi aliyoyaita kupooza kwa kutetemeka. Ushahidi wake ulikuwa watu sita. Baadhi yao hata hakuwapima, aliwaona tu mtaani, akatazama walivyoinama na walivyokwenda. Kwa vigezo vya leo ni ushahidi mdogo mno, lakini alikuwa na jicho kali, na alichokieleza bado kinatambulika: mkono unaotetemeka hata ukiwa umepumzika, mgongo unaopinda kwenda mbele, hatua zinazokimbilia kuanguka.

Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya kujulikana ni nini kilichoharibika. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa sungura dawa iliyowaacha wamelala hawajongei, kisha akawadunga dopa, wakaamka. Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz na Herbert Ehringer, huko Vienna, walichunguza bongo za watu waliokufa na ugonjwa huu, wakakuta zimepungukiwa sana na dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa viungo. Hornykiewicz alikuwa mtu wa maabara na hakuwa na wagonjwa. Mwenye wagonjwa alikuwa Walther Birkmayer, daktari katika makao ya wazee ya mji huohuo. Mwaka 1961 wakaungana, na wazee waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani wakainuka kwa muda baada ya kudungwa levodopa. Mwaka 1967 George Cotzias, jimboni New York, akaonyesha kwamba mgonjwa akianzishiwa dozi ndogo na kupandishiwa taratibu, nafuu hiyo inaweza kudumu.

Nimekumbusha majina haya kwa sababu moja. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kufika peke yake. Aliyekuwa na ubongo ndani ya chupa alimhitaji aliyekuwa na mgonjwa kitandani. Sayansi ya ugonjwa huu tangu mwanzo ni historia ya watu kukutana, na ndiyo maana kila mara nauliza mkutano ulifanyika wapi.

Mwaka 2006, Washington, lilifanyika Kongamano la kwanza la Dunia la Parkinson. Jipya lake lilikuwa kuwaweka wagonjwa katika ukumbi mmoja na madaktari, wauguzi na watafiti, wote wakiwa wajumbe. Kabla ya hapo ilikuwa kawaida mgonjwa kuzungumziwa akiwa hayupo. Sasa angeweza kuinuka, hata kama kuinuka kwenyewe ni kwa dakika mbili, na kumwambia mtafiti kwamba kinachomsumbua zaidi si kutetemeka, ni usiku asiolala. Kongamano hilo likaenda Glasgow mwaka 2010, Montreal 2013, Portland 2016, Kyoto 2019, Barcelona 2023. Soma orodha hiyo tena taratibu. Afrika haimo.

Sisemi hivyo kwa kulalamika. Ukumbi unahitaji uwanja wa ndege, hoteli, mfadhili na viza, na mgonjwa anayeweza kufika ukumbini ni yule ambaye tayari ana daktari, ana dawa na anajua jina la ugonjwa wake. Kwa hiyo kongamano, hata likiwa na nia njema kiasi gani, linakusanya waliokwisha kuhesabiwa. Asiyehesabiwa hawezi kualikwa. Na kuhesabu, katika nchi ambayo wagonjwa wengi hawafiki hospitali, hakufanyiki ukumbini. Kunafanyika mlangoni.

Wa kwanza kulionyesha hilo barani kwetu walikuwa Wanaijeria. Benjamin Osuntokun, daktari bingwa wa mishipa ya fahamu wa Ibadan, alishirikiana na Mmarekani Bruce Schoenberg kulinganisha jamii mbili za watu weusi: Igbo-Ora, mji mdogo wa Nigeria, na wilaya ya Copiah katika jimbo la Mississippi. Katika sehemu zote mbili watafiti walipita nyumba kwa nyumba. Matokeo yalichapishwa mwaka 1988. Miongoni mwa watu wa umri wa kuanzia miaka 40, Copiah ilikuwa na wagonjwa 341 kwa kila watu 100,000, na Igbo-Ora ilikuwa na 67. Tofauti hiyo ilizua mjadala ambao haujaisha. Je, Mwafrika ana kinga fulani, au wagonjwa wake hufa mapema, kabla anayehesabu hajabisha hodi?

Tanzania ilijibu sehemu ya swali hilo chini ya Mlima Kilimanjaro. Tangu mwaka 1992 Wizara ya Afya, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, iliendesha mradi wa kufuatilia magonjwa na vifo vya watu wazima katika maeneo matatu: Dar es Salaam, Morogoro Vijijini na Hai. Lengo la mradi halikuwa Parkinson. Ila uliacha Hai kitu adimu sana katika nchi maskini, yaani orodha ya kaya inayoaminika na watu waliozoea kuzipitia. Katikati ya miaka ya 2000 daktari Catherine Dotchin, mwenzake Richard Walker na watafiti wa Kitanzania wakaitumia njia hiyohiyo. Waliopita kuhesabu watu waliuliza pia maswali machache kuhusu dalili za ugonjwa. Kila aliyeonekana kuwa nazo alifuatwa na kupimwa na daktari.

Matokeo yalitoka mwaka 2008. Katika watu 161,071 walipatikana wagonjwa 33, sawa na watu 20 kwa kila 100,000. Kwa kuwa Hai ina vijana wengi na wazee wachache, watafiti walipiga hesabu upya kana kwamba umri wa watu wake unafanana na wa Uingereza, wakapata 40. Bado ni kiwango cha chini kikilinganishwa na cha Ulaya. Lakini takwimu niliyoikalia usiku mzima ni nyingine: asilimia 78 ya wagonjwa hao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana Parkinson. Waliishi katika wilaya iliyo jirani na KCMC, moja ya hospitali kubwa za rufaa nchini, na bado ugonjwa wao haukuwa na jina mpaka mtu alipokuja na daftari.

Sasa nirudi nyumbani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 66,180 katika Wilaya ya Mafia. Ukichukua kiwango cha Hai, watu 20 kwa kila 100,000, ukakizidisha kwa watu wetu, unapata 13. Hii ni hesabu ya karatasi, na Mafia si Hai. Lakini ukishaiandika namba hiyo huwezi kuifuta kichwani. Watu kumi na watatu. Unaweza kuwagawa: wanne Kilindoni, wawili Kirongwe, mmoja Baleni, mmoja Jibondo, na kuendelea hivyo mpaka waishe. Ni wachache kiasi kwamba mtu mmoja mwenye baiskeli na subira angeweza kuwatembelea wote. Ni wachache pia kiasi kwamba hakuna bajeti ya wilaya itakayowaona.

Naisoma namba hiyo nikiwa na mtu kichwani. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa majahazi Chole, kisiwa kidogo ndani ya ghuba ya Mafia, ambako vyombo vya baharini bado vinaundwa kwa mkono, kwa tezo, msumeno na keekee, bila mchoro wa karatasi. Alipofika miaka sitini na kitu, mkono wa kulia ukaanza kutetemeka akiwa amekaa barazani. Akishika tezo ulitulia. Kwa hiyo watu walisema ni mkono wa kazi, haupendi kukaa bure, na yeye mwenyewe akacheka. Baadaye hata tezo haikuutuliza. Kupiga kalafati, kazi aliyokuwa akiifanya huku anapiga soga, ikawa inamchukua siku nzima kwa ubao mmoja. Uso wake ukakauka, na wajukuu tukadhani ametukasirikia.

Maelezo yalikuwa mengi. Bibi alisema ni uzee. Jirani alisema ni jini la baharini, kwa sababu babu alikata mti ambao haukupaswa kukatwa. Mjomba alisema ni baridi imeingia kwenye mifupa. Mtu asiyeijua Mafia asidhani huo ni ujinga. Pat Caplan, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefika kijiji cha Kanga, kaskazini mwa kisiwa, mwaka 1965 na kuendelea kurudi kwa miongo mingi, ameandika kwa kirefu jinsi watu wa huko wanavyoujadili ugonjwa: huangalia amri ya Mungu, huangalia mashetani, huangalia husuda ya watu, na hospitali pia huenda. Ni utafiti wa aina yake, unaofanyika barazani. Baraza hukusanya ushahidi, hupima maoni, hubishana na kujaribu tiba. Kinachokosekana ni taarifa moja tu, na taarifa hiyo haina njia ya kufika barazani.

Hai nako ilikuwa hivyohivyo. Mwaka 2011 Gerry Mshana, mtafiti Mtanzania, pamoja na Dotchin na Walker, walichapisha mahojiano na wagonjwa, ndugu wanaowauguza na waganga wa jadi. Kichwa cha makala yao kimetokana na jinsi watu wenyewe walivyouita: ugonjwa wa kutetemeka. Ni karibu maneno yaleyale ya James Parkinson wa mwaka 1817. Mtu wa Hai aliyeachwa bila daktari alitazama mwili wa mzazi wake na kuuita ugonjwa kama alivyouita daktari wa London. Kutazama tulijua. Tulichokosa ni cha kufanya baada ya kutazama.

Babu aliacha daftari la madeni. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: jina la mwenye chombo, mbao zilizoletwa, malipo yaliyobaki. Kwa mwanahistoria hiyo ni hati kama hati nyingine, na nimeisoma kama ninavyosoma nyaraka za serikali. Kurasa za mwanzo mwandiko ni mpana na mistari imenyooka. Katikati herufi zinaanza kusinyaa. Kurasa za mwisho maneno ni madogo kama chungu, na kila mstari unaanza na neno linalosomeka na kuishia kwenye vidoti visivyosomeka. Vitabu vya tiba vinaeleza kwamba kupungua kwa mwandiko ni mojawapo ya dalili za Parkinson. Mwanahistoria hana ruhusa ya kumwandikia marehemu cheti cha daktari, na sikiandiki. Babu alifariki bila kupimwa. Lakini daftari lipo, na ukurasa wa mwisho una madeni matatu ambayo hakuna aliyeweza kuyadai kwa sababu hayasomeki.

Msomaji anaweza kusema: kisiwa kiko mbali, boti ya Nyamisati inasubiri maji kujaa, nani atapita nyumba kwa nyumba huko kwa ajili ya watu kumi na watatu? Jibu ni kwamba imeshafanyika, kwa ugonjwa mwingine. Mwaka 2000 Tanzania ilipoanza mpango wa kitaifa wa kutokomeza matende na mabusha, wilaya ya kwanza kugawiwa dawa ilikuwa Mafia. Kila mtu anayestahili alitakiwa kumeza vidonge, mgonjwa na asiye mgonjwa, kijiji kwa kijiji. Kisiwa ambacho leo kinaonekana kiko mbali mno ndicho nchi ilikoanzia. Umbali, kumbe, hupungua pale ambapo kuna dawa, kuna mpango na kuna aliyeamua.

Ushirikiano wa kisayansi una sura nyingine ambayo vijana wa vyuo tunapaswa kuitazama bila kupepesa. Mwaka 2014 timu ya Roberto Cilia wa Italia na wenzake wa Ghana ilichapisha utafiti muhimu. Kwa muda mrefu madaktari walibishana: je, ile mishtuko ya mwili isiyozuilika inayowapata wagonjwa baada ya miaka kadhaa inaletwa na kutumia levodopa muda mrefu? Kwa hofu hiyo wengine walichelewesha kuwaanzishia wagonjwa dawa. Kuupata ukweli kulihitaji wagonjwa waliokaa na ugonjwa muda mrefu bila dawa, na Ulaya watu hao hawakuwepo tena. Ghana walikuwepo. Wagonjwa wa huko walianza levodopa kwa wastani wa miaka 4.2 baada ya ugonjwa kuanza, wa Italia 2.4. Hata hivyo matatizo ya mwendo yaliwapata baada ya kuugua kwa muda unaokaribiana. Ikaonekana kinachohusika zaidi ni umri wa ugonjwa na ukubwa wa dozi, na kwamba kumcheleweshea mgonjwa dawa hakumwepushi na matatizo hayo.

Ni matokeo mazuri, yamewasaidia wagonjwa duniani kote. Lakini tazama yalivyopatikana. Umaskini wa mgonjwa wa Ghana, kule kukosa kwake vidonge kwa miaka, ndiko kulikokuwa mchango wake kwa sayansi. Siwalaumu watafiti hao, ambao walikuwa wakiwatibu watu waliowachunguza. Nasema tu kwamba anayechangia kwa njia hiyo anadaiwa kitu, kama vile mwenye ubao anavyomdai mwenye jahazi.

Timu ya Cilia ilirudi pia kwenye upupu. Mwaka 2017 walichapisha jaribio lililofanyika Bolivia kwa wagonjwa 18, wakilinganisha unga wa mbegu zake zilizokaangwa na levodopa ya kiwandani, na unga ule ukafanya kazi. Walipojaribu kwa muda mrefu zaidi, baadhi ya wagonjwa waliacha kwa sababu ya matatizo ya tumbo na mengine. Kwa hiyo asiondoke mtu hapa akakimbilia kichakani: kiasi cha kemikali hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, na dozi isiyopimwa ni hatari. Ninachotaka kionekane ni kwamba swali la upupu, ambalo lingeweza kuulizwa na mwanafunzi wa Kilindoni, lilisafiri kutoka India kwenda Ulaya na Amerika Kusini, na sisi tukabaki na mwasho.

Hali inaanza kubadilika. Mwaka 2023 Njideka Okubadejo wa Lagos, Mie Rizig wa London na wenzao wengi walitangaza kwamba wamegundua, katika kinasaba kiitwacho GBA1, tofauti inayoongeza uwezekano wa kupata Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika. Wazungu karibu hawana tofauti hiyo, kwa hiyo isingeweza kuonekana kamwe katika maabara zilizochunguza damu za Ulaya pekee. Hapa Mwafrika hakuchangia kukosa kwake dawa. Alichangia swali, damu, daktari na jina kwenye makala. Na sasa Tanzania imo katika mradi mmoja na Kenya, Ethiopia, Misri, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini, unaotafuta namna ya kuboresha huduma kwa wagonjwa wa Parkinson barani. Njia ya mlangoni iliyoanzia Igbo-Ora na Hai imepata ukoo.

Lakini mlangoni nako kuna masharti. Mwaka 2011 watafiti wa Hai walichapisha taarifa ya miaka mitatu ya kuwapa levodopa wagonjwa waliowagundua. Nadhani hiyo ndiyo sehemu inayopaswa kufundishwa zaidi ya ile namba 33. Waliohesabu walirudi na vidonge. Kumwambia mtu jina la ugonjwa wake kisha kumwacha nalo ni nusu ya kazi, na pengine ni ukatili. Shirika la Afya Duniani linaihesabu levodopa pamoja na carbidopa kuwa dawa muhimu, dawa ambayo kila mfumo wa afya unapaswa kuwa nayo muda wote. Orodha hiyo haimaanishi kitu mpaka sanduku lishuke bandarini Kilindoni, na liendelee kushuka, kwa sababu mgonjwa huyu hamalizi dozi baada ya siku saba.

Kwa hiyo mkutano ninaoutamani si mkubwa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tayari wanapita majumbani kuuliza kuhusu watoto, homa na vyandarua. Waongezewe maswali manne ya kumuuliza mwenye mzee ndani: Mkono wake unatetemeka akiwa amepumzika? Anatembea polepole kuliko mwaka jana, akikokota miguu? Uso wake umekuwa kama umekasirika bila sababu? Mwandiko wake umekuwa mdogo? Atakayejibiwa ndiyo aandike jina, na mara moja kwa mwaka daktari wa magonjwa ya mishipa ya fahamu avuke kutoka Dar es Salaam akiwa na orodha mkononi na dawa kwenye mkoba. Wakae barazani, Kilindoni au Chole, mgonjwa, mkewe, muuguzi, mganga na daktari, kila mmoja aseme anachokijua.

Hapo ndipo tutajua kama ni kumi na watatu, au saba, au thelathini. Na mjumbe wa Mafia akisimama siku moja katika ukumbi wa kongamano, Barcelona au kwingineko, atakuwa ametoka kwenye mkutano mwingine uliomtangulia, ule uliofanyika mlangoni kwake.